Njano Iliyobezwa

Waulize wazee wa mjini habari za miaka ya njaa. Hawachelewi kukutajia "yanga". Si ile timu ya Jangwani, ni unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka nje nchi ilipopungukiwa chakula, miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Jina lilitokana na rangi ya jezi. Watu waliula huku wamenuna.

Miaka hiyohiyo Songea walikuwa wanalima mahindi meupe, na si mchezo. Serikali iliweka bei moja nchi nzima, mbolea ikasukumwa hadi kusini, na Ruvuma ikaingia kwenye ile mikoa minne ya kulisha taifa, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Sembe nyeupe ikawa fahari yetu. Njano ikabaki kumbukumbu ya foleni.

Hebu sasa tuiulize sayansi: hiyo njano ni kitu gani? Ni karotenoidi, walinzi wa mmea dhidi ya jua. Mwanga ukizidi, klorofili hupokea nguvu isiyoweza kuitumia yote. Ile ya ziada huirukia oksijeni, nayo hucharuka na kuunguza jani kutoka ndani. Karotenoidi huinyang'anya nguvu hiyo na kuitoa kama joto. Mwaka 1968, kule Marekani, Christopher Foote na Robert Denny walionyesha kuwa betakarotini huituliza oksijeni iliyocharuka, na molekuli moja hurudia kazi hiyo mara nyingi.

Macho yetu nayo yana ngao ya ukoo huohuo. Luteini na zeaksanthini hukaa katikati ya retina na kupunguza makali ya mwanga. Mwili hauzitengenezi, ni lazima tuzile. Punje za njano zinazo, nyeupe karibu hazina kitu.

Songea walizipata wapi, basi? Kwenye likolo: majani ya maboga yaliyosindikiza ule ugali mweupe. Kila jani la kijani limebeba njano yake, imejificha tu chini ya klorofili.

Magunia ya mahindi yaliyotoka Ruvuma yamehesabiwa na kuandikwa. Likolo la akina mama halikupimwa kwenye mzani wowote. Wewe unayetaka kuandika historia, kalamu unayo, na bibi bado yupo jikoni. Kamuulize.