Robo ya Asilimia

Kabla ya mwaka 1967, mwanafunzi wa udaktari nchini Kanada hakuwa na mengi ya kubishania na meneja wa benki. Sheria ilizizuia benki kutoza riba inayozidi asilimia 6. Mwaka huo ukomo ukaondolewa, na majadiliano yakaanza.

Serikali ilikuwa imeanza kudhamini mikopo ya wanafunzi mwaka 1964, lakini udaktari ni ghali. Benki nazo zikapiga hesabu zao: daktari wa kesho ni mteja wa miaka mingi. Zikamtengea mkopo wa kuchota kidogo kidogo, riba ikihesabiwa kwa kile alichochota tu.

Riba hiyo hufuata kiwango cha msingi cha benki, nacho hakitabiriki: asilimia 22.75 Agosti 1981, 2.45 Machi 2020, 7.20 Julai 2023. Hicho hakuna mwanafunzi anayekipunguza kwa maneno matamu. Kinachojadiliwa ni tofauti kati ya kiwango hicho na riba ya mkopo. Wanafunzi wa udaktari wamezoea kupewa robo ya asilimia chini ya kiwango hicho, hasa wakiwa na barua ya benki shindani mkononi. Kwa deni la dola 200,000, robo hiyo ni dola 500 kwa mwaka.