Maksai asiye na nyama: walikotoka wapiga picha za ndege

Wadau, tangu kamera za dijitali ziingie mitaani, kila mwenye lenzi ndefu anataka kupiga picha za ndege. Nimeulizwa mara nyingi: ninunue kamera gani ili picha zangu zitoke kama zile za magazetini? Swali lenyewe naona limekaa vibaya, na sababu iko kwenye historia.

Kabla ya kamera, aliyetaka picha nzuri ya ndege alimuua kwanza. John James Audubon, mchoraji maarufu wa ndege wa Marekani, aliwapiga risasi kisha akawafunga kwa nyaya wakae kama wako hai, ndipo akachora. Kamera zilipokuja hazikusaidia sana mwanzoni. Zilikuwa masanduku mazito yenye kutumia vioo badala ya filamu, na lenzi za kuvuta vitu vya mbali hazikuwa za kubebwa kirahisi porini. Ndege ukimsogelea, anaruka.

Hapo ndipo wanapoingia Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili kutoka kijiji cha Thwaite, Yorkshire, Uingereza. Watoto wa shamba hao. Richard alikuwa na mguu mbovu tangu utotoni, baada ya kuanguka kutoka mtini akitafuta viota. Mwaka 1892, Cherry alipiga picha ya kiota chenye mayai karibu na London. Leo inaonekana si kitu, lakini miaka mitatu baadaye, yaani 1895, walitoa kitabu kuhusu viota vya ndege wa Uingereza ambacho picha zake zote zilipigwa huko huko porini. Kitu kama hicho kilikuwa hakijaonekana.

Kiota hakikimbii. Mwenye kiota anakimbia! Ndugu hawa hawakwenda dukani kutafuta kamera kubwa zaidi. Walijiuliza: ndege anamwogopa nani? Anamwogopa mtu. Je, ng'ombe? Hana habari naye. Basi wakatengenezewa maksai wa ngozi, ndani mtupu, mtu anaingia na kamera yake, lenzi inachungulia tunduni. Ilikuwa mwaka 1900. Wakawa pia na kondoo wa namna hiyo. Ndani mlikuwa na joto, umekunjwa, huwezi kujinyoosha, na unamngoja ndege ambaye hakukupa miadi. (Sisi wa magazeti tumezoea waheshimiwa wanaogeuka wenyewe kuangalia kamera.)

Cherry baadaye alifika kwetu. Mwaka 1909 alikuwa Kenya, akapiga filamu ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alipokuja kuwinda. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika Afrika Mashariki alitumikia kikosi kimoja na Frederick Selous, yule mwindaji aliyeuawa Beho Beho mwaka 1917 na ambaye jina lake likapewa pori la akiba. Cherry alifariki mwaka 1940.

Sasa turudi kwa wewe unayeanza. Kamera za leo zinalifuata jicho la ndege zenyewe na kupiga picha ishirini kwa sekunde moja. Umbali, hata hivyo, bado ni wako kuupunguza. Maksai wako ni gari: kwenye hifadhi zetu ndege wengi wamezoea magari, ukizima injini na kutulia watakusogelea. Mjini kaa chini, mgongo ukutani, nusu saa bila kuinuka. Ukiwa chini lenzi inakuwa usawa wa macho yake, na picha inabadilika kabisa. Toka alfajiri, maana kufika saa nne jua letu limeshaua rangi. Anayeruka mpe kasi ya sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Aliyetulia elfu moja inamtosha. Fanya mazoezi kwa kunguru wa Dar es Salaam, wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890. Ni weusi, kamera inadanganyika na kung'arisha picha kupita kiasi, utajifunza kurekebisha mwanga haraka sana.

Jambo moja tu sikubaliani nalo katika urithi wa akina Kearton, nalo ni viota. Wao walianzia hapo kwa sababu vifaa vyao havikuwapa njia nyingine. Sisi tunazo. Ukifukua majani ili kiota kionekane vizuri, umemwonyesha pia kunguru na nyoka njia. Mama akikaa mbali kwa sababu yako, mayai yanapoa, au jua la saa sita linayachoma. Wahariri wengi wa majarida ya wanyamapori siku hizi wanazikwepa picha za viota. Ukimwona ndege amebeba mdudu mdomoni na hashuki, anakuzunguka tu na kupiga kelele, ujue umesimama karibu na watoto wake. Ondoka hapo, picha utaipata kwenye tawi anakopumzikia.