Mlima Kenya Bila Kukimbilia Lenana: Maziwa, Barabara, Wanyama na Pa Kulala

Ukiingia mtandaoni Januari ama Agosti, lazima ukutane na hiyo picha: mse ameshika bendera juu ya Point Lenana, midomo imekauka, macho yamefura, na chini ameandika "tumetoboa". Halafu kuna lile tangazo la safari ya wikendi: mnatoka Nairobi Ijumaa usiku, Jumapili jioni uko kwa keja. Kabla utume doo, tulia kwanza usome hii. Mlima Kenya ni mkubwa kuliko hiyo picha. Zile sehemu noma zaidi wengi hupita bila kuziona, kwa sababu wanakimbia juu kichwa kikiwapasuka.

Si lazima ufike kileleni ndio useme umeenda Mlima Kenya. Kuna maziwa unaweza kufika na gari, kuna misitu ya ndovu, kuna mahali pa kulala pa kila mfuko. Cheki vile mambo yamepangwa.

MLIMA WENYEWE

Hii ilikuwa volkano. Moto ulizima zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na vilele unavyoona leo ni yale mawe magumu ya katikati yaliyobaki baada ya barafu kuchonga mengine yote. Vitatu ndivyo maarufu: Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985). Batian na Nelion ni za watu wa kamba na ujuzi wa kukwea mawe. Lenana ndiyo mtu wa kawaida hufika kwa miguu.

Hayo majina matatu ni ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai. Aliyeyaweka ni Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwaka wa 1899. Lakini wenyeji walikuwa na majina yao kitambo: Wakikuyu wanasema Kirinyaga, Wameru wanasema Kirimara. Na usisahau, nchi ndiyo iliitwa kwa jina la mlima. Mbuga ilianzishwa 1949, na mwaka wa 1997 UNESCO ikaiweka kwa orodha ya urithi wa dunia.

UINGIE NA GETI GANI?

Wengi hutumia geti tatu. Naro Moru iko magharibi na ndiyo njia fupi zaidi, lakini kuna sehemu ya matope juu ya msitu ambayo itakunyonya viatu. Sirimon iko upande wa Nanyuki kuelekea Timau. Ni kavu kiasi na inapanda polepole, kwa hivyo ni poa kwa mtu anayeanza. Chogoria iko mashariki, na kama unachotaka ni maziwa na mandhari, hapo ndipo pako.

Kufika Chogoria unashika barabara ya Thika, Makutano, Embu, Chuka, hadi Chogoria yenyewe. Kutoka tao hadi geti ni kama kilomita 30 za msitu. Unaanza na miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, unaingia mianzi imebana barabara pande zote, halafu ghafla kunafunguka na unaona vilele. Hapa gari la kawaida litakuaibisha, hasa kukinyesha. Wenye Land Rover wako pale tao, mkiwa mbogi mnachanga. Elewana bei kabla hamjapanda, na mkubaliane pia siku ya kurudi.

MAZIWA

Ziwa Ellis ndilo rahisi zaidi. Liko karibu mita 3,450 juu ya usawa wa bahari na barabara mbaya ya 4x4 inafika karibu nalo. Ukipenda kutembea, ni mwendo mfupi kutoka mwisho wa barabara ya Chogoria. Watu hupiga hema kando ya maji. Asubuhi na mapema nyasi huwa zimeganda nyeupe, na maji yakitulia unaona vilele kichwa chini.

Ziwa Michaelson ndilo kubwa kwa sifa. Hakuna gari hapo, ni miguu tu. Liko chini ya bonde la Gorges, karibu mita 4,000, na juu yake kuna ukuta wa mawe umesimama wima mita mia kadhaa. Wengi huliona kutoka juu, kwenye ukingo unaoitwa Temple. Wachache wanashuka hadi kwa maji, na hao ndio hurudi wakibonga kulihusu mwaka mzima. Maji ya bonde hili ndiyo yanaanzisha Mto Nithi. Ndiyo, Nithi ile ile ya daraja unaloskia kwa habari.

Upande wa kaskazini mashariki kuna Rutundu na Alice, maziwa mawili ya samaki aina ya trauti, unayofikia kutoka upande wa Timau. Rutundu ilivuma duniani kwa sababu ya udaku safi: Oktoba 2010, Prince William wa Uingereza alimposa Kate Middleton akiwa kwenye safari hiyo. Hakuna hoteli ya dhahabu pale. Ni nyumba za mbao, baridi na moto wa kuni.

PA KULALA

Anza na za bei ya kati. KWS wana nyumba za kujipikia: Batian Guest House upande wa Naro Moru na nyumba ndogo za Sirimon karibu na geti. Chogoria kuna mabanda ya Meru Mount Kenya, karibu mita 2,950, yenye mahali pa kuwasha moto ndani. Mkiwa wengi, mkigawana hizi zinakuwa za kumudu.

Ukipanda juu zaidi ni vibanda vya wapanda mlima: Old Moses (mita 3,300) na Shipton's (mita 4,200) njia ya Sirimon, Met Station na kambi ya Mackinder's njia ya Naro Moru. Usitarajie starehe. Ni vitanda vya ghorofa, magodoro, na mse hujui akikoroma kando yako.

Mfuko ukiwa mnene, kuna Castle Forest Lodge ndani ya msitu upande wa Kirinyaga, yenye mto na maporomoko karibu, na kule Nanyuki kuna Mount Kenya Safari Club, iliyoanzishwa na mwigizaji wa Hollywood William Holden mwaka wa 1959. Ukishindwa kulala hapo, jirani kuna hifadhi ya wanyama unayoweza kutembelea kwa mchana.

WANYAMA

Usikuje ukitafuta simba kama wa Mara. Huu ni msitu, na mnyama unamwona kwa subira. Ndovu na nyati wako, na hao ndio sababu hutembei msituni gizani. Kuna mbega wale wa manyoya meusi na meupe, kima, na pongo wanaovuka barabara polepole kama wamelipia. Juu kabisa kwenye mawe utakutana na pimbi. Ni mnono, hana aibu, na ataingia kwa begi yako aondoke na mkate. Ukiambiwa ni jamaa wa ndovu, usicheke. Wanasayansi wanasema hivyo.

Mwenye anahitaji maombi ni bongo wa mlimani, yule swala mwekundu wa mistari myeupe. Porini wamebaki chini ya 100, na wote wako Kenya. Mwaka wa 2004, bongo 18 waliletwa Nanyuki kutoka mbuga za wanyama za Marekani ili wazae wajukuu wa kurudishwa msituni. Mwaka wa 2022 wa kwanza wakaachiliwa kwenye hifadhi ya Mawingu, na Februari 2025 wengine 17 wakaletwa kwa ndege kutoka Florida hadi upande wa Meru. Pale Nanyuki unaweza kuwaona bila kubahatisha.

Mimea nayo ni kama ya filamu. Kuna senesio wakubwa kuliko mtu, wanaovaa majani yao makavu kama blanketi kuzuia baridi. Kuna lobelia zinazofunga majani jioni ndio moyo wake usigande, kisha zinafungua jua likitoka.

BARABARA YA NANYUKI HADI MERU

Kama hutaki kupanda kabisa, endesha hii. Unatoka Nanyuki ukiwa umepiga picha yako ya ikweta, unapita Timau, kulia una mlima, kushoto ardhi inashuka hadi kaskazini unaona vilima vya mbali vya Samburu. Katikati kuna mashamba ya ngano yasiyoisha.

Kwenye hii barabara kuna kitu wengi hupita juu yake bila kujua: njia ya ndovu chini ya lami. Ilimalizika mwisho wa 2010 ili ndovu watoke msitu wa Mlima Kenya hadi ule wa Ngare Ndare bila kuvuka katikati ya magari na mashamba. Siku ya kwanza ya 2011 dume mmoja anayeitwa Tony akaipita, na wengine wakafuata.

KIMO SI MCHEZO

Sasa turudi kwa lile tangazo la wikendi. Nairobi iko karibu mita 1,800. Ukilala mita 4,200 usiku unaofuata, hewa ya oksijeni unayopata kwa kila pumzi ni kama asilimia 60 ya ile ya Mombasa. Maji yanachemka kwa digrii 86 hivi, ndio maana maharagwe hayaivi. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku, si mazoezi ya gym. Mse mwenye misuli anaweza kuangushwa na kitu ambacho shosho wa Chogoria hakisikii.

Kanuni inayotumika sana: ukipita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na uweke siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula na kutapika ni onyo: usipande tena hadi upate nafuu. Ukiona mwenzako anayumba kama mlevi, anaongea vitu havieleweki, ama anahema sana hata akiwa ameketi na kukohoa povu, hiyo ni dharura. Shukeni hapo hapo, hata kama ni usiku, hata kama mlilipia. Usimwache ashuke peke yake, na usimwambie "jikaze". Kujikaze ndiko kunaua.

Kwa hivyo mpango wa mtu mwenye rada ni huu: usiku wa kwanza mabanda ya Chogoria, siku ya pili tembea hadi Ziwa Ellis na ulale hapo, siku ya tatu uamue kama mwili unataka Michaelson ama unataka nyumbani. Ukirudi kutoka Ellis, bado umeona Mlima Kenya.

BARAFU INAISHA

Kuna haraka moja tu iliyo halali. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa zaidi mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ukubwa wake kati ya 1934 na 2010. Ile ya Gregory, jirani yake, tayari imeisha. Maji ya mlima huu, mengi yakiwa ya mvua na msitu, huingia Mto Tana, na Tana ndio unazungusha mitambo ya Masinga, Gitaru na Kiambere. Sehemu ya stima inayochaji simu yako inatoka huko. Msitu ukichomwa ama ukikatwa, si shida ya wasee wa Nyeri na Meru peke yao.

KABLA UTOKE

Nenda Januari na Februari, ama Julai hadi mwanzo wa Oktoba. Miezi ya mvua ndefu achana nayo.

Kiingilio unalipa kwa eCitizen, si pesa taslimu getini. Cheki bei ya sasa huko, kwa sababu hubadilika.

Huruhusiwi kupanda peke yako. Chukua gaidi mwenye kitambulisho cha KWS, na uulize bei yake na ya wapagazi kando kando. Mpagazi akivaa viatu vya kuraruka huku amebeba hema lako, hiyo ni aibu yako.

Chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 5, 2020. Beba ya kujaza tena.

Bebea usiku nguo za baridi kali, koti la mvua, tochi ya kichwa na soksi za ziada. Jinsi peke yake ni kifo cha polepole.

Mwisho, mwachie mtu nyumbani jina la geti, la gaidi, na siku ya kurudi. Juu kule mneti hupotea, na hiyo karatasi moja ndiyo itawaambia watu wa uokoaji waanze kukutafuta wapi.