Kutoka Kakamega Hadi kwa Mumia

Mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliyatoa makao ya wilaya ya Kavirondo Kaskazini huko Mumias, ikayaleta Kakamega. Ofisi ya kodi, mahakama na makarani vikaondoka pamoja. Nimeifuata njia hiyo kinyume chake, kutoka serikali ilikofikia hadi ilikotoka, kwa sababu nataka kuelewa jambo moja: mtu ambaye jina lake lilitajwa Mombasa, Zanzibar, Mengo na London aliwezaje kuwekwa kando akiwa angali hai, na akaishi miaka mingi baadaye akishuhudia.

Mtu huyo ni Mumia, Nabongo, yaani mfalme, wa Wanga.

Kabla ya kuuacha mji nilipita Rosterman. Mwaka 1931 Mmarekani mmoja, L. A. Johnson, alipata dhahabu upande huu, na kufikia mwaka uliofuata mamia ya Wazungu walikuwa wamepiga mahema kando ya mito, wengi wao walowezi ambao mashamba yao yalikuwa yameelemewa na mdororo wa uchumi wa dunia. Serikali ikamwita mwanajiolojia Sir Albert Kitson aje kupima utajiri huo. Wakati huo kulikuwa na sheria ya ardhi za wenyeji, iliyopitishwa mwaka 1930, ambayo iliahidi kwamba kipande kikichukuliwa, wenyeji watapewa kingine badala yake. Desemba 1932 sheria hiyo ikarekebishwa haraka ili fidia ya fedha itoshe. Jambo hilo likazua zogo hata katika Bunge la Uingereza, na kwa muda Kakamega ikawa jina la kugombaniwa na watu ambao hawangeweza kuionyesha kwenye ramani. Kampuni ya Rosterman ilichimba hadi 1952, kisha ikafunga. Leo Rosterman ni mtaa wa watu wa kawaida wanaojenga na kupanga nyumba, na dhahabu iliyobaki hutafutwa na wachimbaji wadogo wanaohatarisha maisha yao mashimoni. Dhahabu iliupa mji sifa ya miaka ishirini hivi.

Lurambi unaiacha barabara ya Webuye na kushika ya Mumias. Ni safari ya kilomita thelathini na kitu. Kadiri unavyoshuka, vilima vya Kakamega vinalala, mashamba ya miwa yanajitokeza, joto linaongezeka. Leo pikipiki inakufikisha kabla jua halijapanda sana. Wapagazi wa pwani waliofika Wanga karne ya 19 walikuwa wametembea miezi.

Ili kumwelewa Mumia, anza na tumbo la mpagazi. Msafara uliotoka Mombasa ulipita nyika kavu ya Taru, ukapita nchi ya Wamasai ambako kila kituo kilidai hongo, ukapanda milima yenye baridi na kushuka Nandi ukiwa hoi. Ulipoingia Wanga ulikuta nchi yenye mvua, wimbi, mtama, viazi, kuku na mbuzi, na mtawala aliyekuwa radhi kuuza. Hapo watu walipumzika wiki nzima au zaidi, wakanunua unga wa safari na kukarabati mizigo. Wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa wamekwishaizoea nchi hii tangu enzi za Nabongo Shiundu, babake Mumia, wakitafuta pembe za ndovu, na watumwa pia. Bunduki zao zilimsaidia mtawala wa Wanga dhidi ya majirani. Wamasai wa Uasin Gishu waliokimbia vita vya kwao walipewa hifadhi, nao wakampigania mwenyeji wao.

Mji mkuu wa Wanga, Elureko, wasafiri waliuita kwa jina la mwenyeji wao. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1883 aliandika Kwa Sundu, ingawa Shiundu alikuwa amefariki na kijana wake, Mumia, ndiye aliyempokea. Miaka michache baadaye misafara ilikuwa ikisema inakwenda kwa Mumia. Jina la baba likatoweka kwenye ndimi za wasafiri bila mtu kulitangazia kifo. Sijui kama Mumia alilitafakari hilo. Mimi nimelitafakari sana njiani, maana lililompata Shiundu lingempata yeye pia.

Oktoba 1885 alipita Askofu James Hannington, akiwa na haraka ya kufika Buganda. Masimulizi ya Wanga yanasema Mumia alimwonya asiifuate njia ile. Askofu aliuacha msafara wake mwingi hapa chini ya kasisi William Jones, Mwafrika wa Rabai, akaendelea na watu wapatao 50. Aliuawa Busoga siku ya tarehe 29 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alisubiri kwa Mumia hadi alipopata habari za msiba huo, akawarudisha pwani walionusurika. Kutoka hapo hakuna mmishonari wala mfanyabiashara wa Uingereza aliyeizungumzia njia ya Uganda asiitaje nyumba hii.

Miaka minne baadaye walikuja wenye bendera. Frederick Jackson wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki aliwasili mwishoni mwa 1889, akafanya mkataba, akaacha bendera na kwenda zake kaskazini kuwinda ndovu. Mapema 1890 Mjerumani Carl Peters akafika, akafungua barua za Jackson alizozikuta hapo, akagundua kwamba Mwanga anaomba msaada, akakimbilia Buganda kupata sahihi yake kwenye mkataba kabla ya Mwingereza. Kwa siku chache, hatima ya Uganda ilikuwa ndani ya bahasha zilizokuwa zimekaa kwa Mumia. Mkataba wa Peters ulifutwa na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai 1890, ambayo pia yaliiweka njia ya zamani ya Tabora mikononi mwa Wajerumani. Mwingereza aliyetaka kwenda Uganda bila kuomba ruhusa Berlin sasa alilazimika kupita kwa Mumia. Lugard, afisa wa Kampuni hiyohiyo ya Jackson, alipita mwishoni mwa mwaka huohuo. Kati ya 1895 na 1897 Kapteni Sclater alijenga barabara ya mikokoteni kutoka Kibwezi hadi Busia, nayo ilipita hapa. Mumias ikawa kituo cha serikali katika Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na C. W. Hobley akaishi hapo kama mtawala.

Hicho ndicho kilikuwa kilele cha sifa za Mumia. Alisifiwa kuwa rafiki, mwaminifu, mkarimu, na sina shaka alikuwa hivyo kwa wageni wake. Lakini sifa hizo zilitoka midomoni mwa watu waliohitaji unga wake, wapagazi wake na wapiganaji wake. Mwaka 1895 Waingereza walipowashambulia Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, kisa kikiwa bunduki na askari waliouawa mwaka mmoja kabla, Wanga walikuwa upande wa Hobley. Katika taarifa za serikali, hilo lilikuwa jambo la kumpongeza Mumia. Ukienda Chetambe, karibu na Webuye, utakuta jina lake likitamkwa kwa sauti nyingine kabisa. Siku ileile, kwa tendo lilelile, Mumia alipata sifa ofisini na lawama milimani, na ofisi pekee ndiyo iliyokuwa na kalamu.

Kisha njia ikahama. Desemba 1901 reli ilifika Kisumu, ambayo wakati huo iliitwa Port Florence. Msafiri wa Uganda aliteremka kwenye gari moshi, akapanda meli ya ziwani na kushukia Entebbe. Hakuhitaji unga, hakuhitaji mbuzi, hakuhitaji mwenyeji. Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na Mumias, iliyokuwa lango la Uganda, ikawa pembe ya nchi nyingine. Mumia mwenyewe hakukosa lolote. Alikuwa mtawala yuleyule, mwenye chakula kilekile na tabia ileile. Waliokuwa wakibisha hodi ndio waliokoma.

Serikali haikumwacha mara moja. Mwaka 1909 ilimfanya Chifu Mkuu wa Kavirondo Kaskazini yote, heshima ambayo hakuna Nabongo kabla yake aliyekuwa nayo. Naamini cheo hicho ndicho kilichommaliza. Wanga ilikuwa na ufalme wa kweli wa karne nyingi, wenye mipaka na desturi zake. Cheo kipya kilimtawaza juu ya Wabukusu, Wakabras, Waisukha, Watiriki na wengine ambao hawakuwahi kuwa raia wake. Nduguze na watu wake wakatumwa kuwa machifu ugenini: Murunga akaenda Kimilili, Mulama akapewa Marama. Hao ndio waliokusanya kodi ya nyumba, waliotoa watu wa kulima barabara, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, waliotafuta vijana wa kubeba mizigo ya jeshi. Mzungu aliamuru kutoka mbali. Mtu wa Wanga ndiye aliyesimama mlangoni, na chuki ikamwandama aliyeonekana.

Kusini mwa mji wa Kakamega, kwa Waisukha na Waidakho, fahali aliyeshinda pambano husindikizwa nyumbani kwa ngoma za isukuti, umati ukikimbia mbele na nyuma yake. Wengi kati ya wakimbiaji hao waliamka wakiwa hawana upande. Fahali huyohuyo akishindwa baadaye, ngoma zitamfuata mwingine na yeye huenda akauzwa kwa mchinjaji. Nimeuona umati huo, na nikiwa Mumias niliukumbuka kwa uchungu.

Miaka ya 1920 malalamiko dhidi ya machifu wa Wanga yalipata pa kusemewa, katika mabaraza mapya ya wenyeji na katika vyama vya walipa kodi. Jamii moja baada ya nyingine ilidai chifu wa kwao. Walikuwa na haki, na sioni sababu ya kulificha hilo ili kumlinda mzee. Mwaka 1926 Mumia alistaafishwa, na hakuna aliyerithi cheo cha Chifu Mkuu. Watu wa wilaya nzima walipotafuta jina moja la kujiita, miaka ya 1930 na 1940, hawakuchukua la Wanga. Walijiita Abaluyia. Mumia aliishi kuyaona hayo yote, pamoja na dhahabu na vita viwili vya dunia. Alifariki tarehe 24 Aprili 1949, miaka 23 baada ya kustaafishwa.

Jina lake lilirudi midomoni kwa njia nyingine. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianzishwa 1971, ikaanza kusaga miwa 1973, na kwa miongo mitatu pakiti iliyoandikwa Mumias ilikuwa juu ya meza za chai Kenya nzima. Hisa zake zilipouzwa kwa umma 2001, wakulima na walimu walizinunua kwa fahari. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu kwa sababu ya madeni. Wakulima waliokuwa wakidai malipo ya miwa yao walikuwa wameng'oa mashina na kupanda mahindi. Kiwanda kilikodishwa baadaye, lakini ile imani ya kwanza sikuiona barabarani.

Nilimalizia Matungu, wanakolazwa Wanabongo. Kwa watu wa Wanga hapa si makumbusho ya kutazamwa, ni nyumba ya wazee wao, na heshima inayotolewa hapa haikuanza na Thomson wala haikukoma na reli. Waliomtunza Mumia katika kumbukumbu ni wale ambao alikuwa wa kwao kabla hajawa maarufu. Vitabu vya wasafiri vilimtaja walipokuwa wanamhitaji, kisha vikageukia Kisumu.

Ninawaomba walimu wa historia wa Kakamega, Bungoma na Vihiga jambo moja. Wapelekeni wanafunzi Matungu, na muhula huohuo wapelekeni Chetambe. Wawaulize wazee wa Wanga Mumia alikuwa nani, kisha wawaulize wazee wa Kibukusu na Kikabras, na wayaandike majibu yote mawili kwenye daftari moja. Waliosikia habari zake kutoka kwa watu waliomjua wamebaki wachache, na kila mwaka wanapungua. Msingoje serikali ya kaunti itenge fedha. Gari la shule na kalamu vinatosha kuanzia.