Petroli yenye ethanoli: linda injini yako, linda na nyumba yako

Petroli unayonunua Malawi huenda ina pombe ndani yake. Tangu 1982 nchi hii huchanganya petroli na ethanoli, pombe kali inayotokana na molasi, yale majimaji mazito yanayobaki baada ya kutengeneza sukari. Kiwanda cha kwanza kiko Dwangwa, wilayani Nkhotakota. Kwa hiyo ukiambiwa petroli ina ethanoli, usidhani mwenye kituo amekuibia. Pikipiki na magari mengi ya sasa huvumilia ethanoli ya asilimia 10 bila taabu.

Adui ni maji. Ethanoli hunyonya unyevu wa hewa, na mafuta yakikaa wiki nyingi kwenye dumu lisilofungwa vizuri, hasa msimu wa mvua, pombe hujitenga na kushuka chini pamoja na maji. Huko chini ndiko injini inakovuta. Inakataa kuwaka, na kabureta inashika kutu. Kabla ya kujaza tangi, mimina kidogo kwenye chupa safi ya kioo, uiache itulie. Ukiona tabaka mbili, usiyatumie. Kutikisa dumu hakusaidii.

Jenereta ya saluni au ya kanisa isiyotumika kwa muda mrefu, funga koki ya mafuta na uiache iungurume mpaka izimike yenyewe.

Kwenye kabaza kuukuu, ethanoli hubandua uchafu wa tangi ukaziba filta, na mipira ya zamani huvimba na kupasuka. Mwombe fundi wako, awe Mchesi au hapa Dzaleka, aikague kabla haijavuja juu ya injini yenye moto. Na usiongeze kachasu kwenye tangi, hata petroli ikiadimika: ina maji mengi.

Uhaba ndio unaowafanya watu waweke madumu ndani. Tafadhali usifanye hivyo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la makaa, na nyumba zetu zimebanana. Weka dumu nje, kivulini, mbali na watoto. Moto ukitokea, tumia mchanga. Maji husambaza petroli inayowaka.

Usivute mafuta kwa mdomo. Mtu akiyameza, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya mara moja.