Mgonjwa na Uji Wake

Wazee wetu walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa mwenye kuugua hangojewi mpaka aombe chakula. Hupikiwa na kuletewa. Methali hiyo ni njema, maana imejaa huruma. Lakini, msomaji, katika ugonjwa wa saratani huruma peke yake haitoshi. Habari ninayokusimulia ni ya watu waliojifunza kwamba mgonjwa apewe uji, na tena aulizwe.

Fahamu kwanza jinsi saratani inavyomnyima mtu chakula chake. Ugonjwa wenyewe huweza kuugeuza mwili hata ukaanza kula nyama yake. Tiba nayo, ijapokuwa inaokoa, ina machungu yake. Mionzi ikielekezwa kooni huleta vidonda, hata kumeza mate kukawa adhabu. Dawa kali huleta kichefuchefu na kubadili ladha. Nyama aliyoipenda mgonjwa jana, leo huiona ina ladha ya chuma. Watu wa nyumbani hudhani kuwa anadeka au amekata tamaa, na sahani hurudi jikoni kama ilivyokwenda.

Kwa muda mrefu kukonda huko kulihesabiwa kuwa kivuli cha ugonjwa tu, na nani atibuye kivuli? Miongoni mwa watu wa mwanzo kulipima jambo hili kwa hesabu alikuwa Hiram Studley, daktari mpasuaji wa mji wa Cleveland, Marekani. Wagonjwa wake hawakuwa na saratani bali vidonda vya tumbo. Mwaka 1936 alitoa taarifa ya wagonjwa 46 waliopasuliwa. Katika wale waliokuwa wamepoteza sehemu moja ya tano ya uzito wao au zaidi, theluthi walikufa. Katika wale waliopoteza pungufu ya hapo, waliokufa hawakufikia wanne kwa 100. Mizani iliyopima mwili kabla ya kisu ilikuwa imekwisha kutoa onyo.

Mwaka 1980 hesabu ya namna hiyo ilifanywa juu ya saratani. William DeWys na wenzake walichunguza habari za wagonjwa 3,047 waliotibiwa kwa dawa. Waliona kwamba katika aina nyingi za saratani, wale waliokonda kabla ya tiba kuanza waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Hata hivyo, kuijua hatari si kujua namna ya kuizuia. Mgonjwa apewe nini, na nani amwongoze?

Jibu moja lilitoka Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Huko Paula Ravasco na wenzake waliwagawa wagonjwa 111 wa saratani ya utumbo mpana, waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi, katika makundi matatu ya watu 37. Kundi la kwanza lilipata ushauri wa lishe: kila mtu alipangiwa chakula cha kawaida kulingana na hali yake na mazoea yake. Kundi la pili liliongezewa vinywaji vya protini. Kundi la tatu lilikula lipendavyo. Tiba ilipokwisha, makundi mawili ya kwanza yalikuwa yakila zaidi kuliko mwanzo, na la tatu lilikuwa limepungukiwa. Lakini miezi mitatu baadaye, ni kundi la kwanza tu lililokuwa bado na faida yake. Taarifa hiyo ilitolewa mwaka 2005. Na mwaka 2012 ilielezwa kuwa watu wa kundi hilo waliishi zaidi pia. Kinywaji kilikwisha chupani, lakini ushauri ulibaki na mwenyewe.

Usinielewe vibaya. Chakula hakiponyi saratani. Humpa mgonjwa nguvu ya kuivumilia tiba. Wako wanaomshauri mgonjwa ajinyime kula ili uvimbe ufe njaa. Shauri hilo ni la hatari, kwani anayetangulia kudhoofika ni mgonjwa mwenyewe.

Katika Kenya kazi ya wataalamu wa lishe ilitungiwa sheria yake mwaka 2007. Mtaalamu hupima uzito wa mgonjwa, kisha humwuliza: Je, unameza bila maumivu? Harufu gani inakuchukiza? Ni saa ngapi unapata hamu? Mwenye vidonda kinywani hushauriwa uji laini uliotiwa maziwa au karanga zilizosagwa. Mwenye kichefuchefu huambiwa ale kidogo kidogo mara nyingi, na chakula kilichopoa, kwa kuwa harufu yake ni ndogo. Wala gharama si lazima iwe kubwa, maana vyakula hivi vimo katika majiko yetu.

Basi, msomaji, ikiwa siku moja nyumbani kwenu atakuwapo mgonjwa wa namna hii, mpelekee uji pasipo kungoja aombe, kama wazee walivyofundisha. Kisha keti karibu naye, umwulize uji huo umemshukaje kooni. Jibu lake lipeleke kwa mtaalamu, maana huenda likawa na thamani kuliko bakuli lenyewe.