Sanduku la Babu

Babu hakuwahi kuwa mwanachama wa klabu yoyote. Alipiga sanduku kwenye kidumbak, harusi hadi harusi, katika vijiji vya pembezoni mwa msitu wa Jozani. Ni sanduku la chai lililopinduliwa, fimbo na uzi mmoja. Ukivuta fimbo, uzi unakaza na sauti inapanda.

Rasimu ya kwanza ya tasnifu yangu ya uzamili ilijaa taarabu: Sultani Barghash na Misri, Ikhwani Safaa ya 1905, Siti binti Saad kurekodi Bombay mwaka 1928. Kidumbak nilikipa mstari mmoja, kama ndugu maskini. Mimi, mjukuu wa mpiga sanduku!

Kilichonizindua ni kusoma kuhusu Wamarekani Weusi waliopata besi kwa beseni la kufulia, fimbo na uzi. Beseni hilo limeandikiwa kurasa nyingi, na watafiti wanalihusisha na Afrika.

Nikarudi kwetu. Ngoma mbili ndogo, fidla, cherewa, mkwasa, sanduku: kidumbak huchukua nyimbo za taarabu, huziunganisha na kuzikimbiza mpaka hakuna anayebaki kitini. Makame Faki aliimba Culture Musical Club na pia akaongoza kidumbak. Mpaka niliouchora ulikuwa wangu, si wa wanamuziki.

Juzi nilimuuliza bibi sanduku lilipo.

"Lipo uani," akasema. "Lakini usilitikise, mwanangu, kuku anaatamia."